MADARAKA YA WATUMIAJI KATIKA KOMPYUTA YA NYUMBANI

Maelezo kwa wakaazi wa Wilaya za Tarime na Serengeti, Mkoa wa Mara

Kompyuta iliyomo nyumbani, iwe Tarime mjini, Sirari, Nyamongo au Mugumu, aghalabu huwa ya watu wengi. Mama huandika humo hesabu za duka, baba aliye mwalimu hutayarisha mitihani, na watoto husoma na kucheza. Wote huingia kwa akaunti moja, na akaunti hiyo ndiyo yenye madaraka yote. Makala haya yanaeleza hatari ya desturi hiyo na namna ya kuirekebisha bila ya gharama.

Aina mbili za akaunti

Akaunti ya msimamizi huweza kuweka na kuondoa programu, kubadilisha mipangilio ya kompyuta nzima, kufungua kazi za watumiaji wengine na hata kuwafuta watumiaji hao. Akaunti ya kawaida humwezesha mwenyewe kuandika, kuchapisha, kutumia intaneti na kuhifadhi kazi zake tu. Katika Windows, akaunti ya kwanza kufunguliwa wakati wa kutayarisha kompyuta huwa ya msimamizi. Ndiyo maana familia nyingi huitumia bila ya kujua.

Ieleweke kwamba programu hufanya kazi kwa madaraka ya aliyeifungua. Tangu toleo la Vista la mwaka 2007, Windows huuliza kabla ya kuruhusu mabadiliko makubwa. Msimamizi hubonyeza kukubali tu, jambo ambalo mtoto mwenye haraka ya mchezo hulifanya bila ya kusoma. Mtumiaji wa kawaida hutakiwa kwanza neno la siri la msimamizi. Kizuizi hicho kidogo huweza kuzuia virusi vilivyokuja kwa flashi visienee katika kompyuta nzima.

Kanuni hii si ngeni. Mwaka 1975 wataalamu Jerome Saltzer na Michael Schroeder wa Marekani walieleza kwamba kila mtumiaji apewe madaraka yanayotosha kazi yake, yasizidi hapo. Wafugaji wa wilaya hizi wanalijua hilo: maziwa hunywewa na nyumba nzima, lakini si kila mtu hufungua zizi usiku.

Hatua za kufuata

(a) Katika mipangilio ya kompyuta, penye sehemu ya akaunti, fungua akaunti mpya, uifanye ya msimamizi na uipe neno la siri.

(b) Ingia kwa akaunti hiyo mpya na uhakikishe kwamba inafanya kazi. Hatua hii isirukwe.

(c) Ndipo akaunti ya zamani ibadilishwe kuwa ya kawaida. Kazi zilizomo hazitapotea.

(d) Kila mtu afunguliwe akaunti yake ya kawaida. Akaunti ya msimamizi itumike kwa matengenezo tu.

Nani ashike neno la siri

Inashauriwa watu wazima wawili walijue. Mmoja akisafiri au akifariki, mwenzake asifungiwe nje ya hesabu za duka alizoziandika mwenyewe. Liandikwe katika karatasi, litiwe katika bahasha na kuwekwa pamoja na hati za shamba. Kompyuta ikipelekwa kwa fundi anayehitaji neno hilo, kazi za siri ziondolewe kwanza, na neno libadilishwe inaporudi. Aidha, kuingia katika kompyuta ya mtu bila ya idhini ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015.

Mipaka ya kinga hii

Akaunti ya kawaida hailindi kila kitu. Virusi vikifunguliwa humo bado vinaweza kuharibu kazi za mwenye akaunti hiyo. Kwa hiyo nakala za hesabu na mitihani ziwekwe katika flashi nyingine isiyoachwa ndani ya kompyuta. Vilevile, wenye Windows 10 wazingatie kwamba matengenezo yake ya kawaida ya usalama yalikoma tarehe 14 Oktoba, 2025.

Kazi yote hii haizidi saa moja. Wakaazi wanahimizwa kuifanya sasa, wakati hesabu zao zingali salama.