Tanga ina uwanja mwingine nje ya Mkwakwani

UKIMTAJIA shabiki wa soka neno Tanga, jibu lake la kwanza ni Mkwakwani. Atakukumbusha Coastal Union, Wagosi wa Kaya, waliotwaa ubingwa wa Tanzania mwaka 1988. Atakutajia African Sports, Wana Kimanumanu. Akiwa na donda moyoni, atakwenda moja kwa moja msimu wa 2015/16, pale timu tatu za mkoa mmoja, Coastal, African Sports na Mgambo JKT, ziliposhuka daraja kwa mkupuo.

Baiskeli haitaji. Wakati huohuo, asubuhi ya siku ya mechi, nusu ya watu anaopishana nao mitaa ya namba ya Ngamiani wako juu ya baiskeli. Mvuvi yumo, mwalimu yumo, mama aliyefunga kikapu kwenye keria yumo. Tanga ni moja ya miji ya pwani ambako mwanamke akipita anapiga pedali hakuna anayegeuza shingo.

Sababu haina siri. Mji ni tambarare, mitaa imenyooka, na soko, bandari, shule na msikiti haviko mbali. Phoenix moja nyeusi, ile ya chuma kizito, inamtosha baba, kisha mtoto, kisha mjukuu.

Ila kuna jambo moja. Tanga inaendesha baiskeli kwenda kazini, inaendesha kurudi nyumbani, basi. Kuendesha kwa raha, kwa pumzi na kwa mchezo, bado ni kwa wachache. Nje kidogo ya mji kuna kilomita nyingi za njia ambazo lori halipiti na honi haisikiki, na wengi wanazijua kama njia ya shamba tu.

MKONGE ULIVYOCHORA NJIA

Njia hizo zina mwenyewe: mkonge. Mwaka 1893, Mjerumani Richard Hindorf aliagiza vichipukizi 1,000 vya mmea huo kutoka Florida, Marekani. Safari ilikuwa ndefu na vingi vikafa. Vilivyofika vikiwa hai na kupandwa Kikogwe, ng'ambo ya Mto Pangani, vilikuwa 62. Kutokana na hivyo 62 likazaliwa zao lililoibeba nchi. Mwaka 1964, Tanzania ilizalisha karibu tani 230,000 za mkonge.

Shamba la mkonge halilimwi kiholela. Linakatwa vipande, na kati ya kipande na kipande inaachwa njia ya trekta kubebea majani hadi kiwandani. Matokeo yake ni barabara za udongo mwekundu, zimenyooka kama mstari wa katikati ya uwanja, kushoto mkonge, kulia mkonge. Uzalishaji uliposhuka, matrekta yakapungua, njia zikabaki.

Kwa mpanda baiskeli, hapo ni raha tupu. Macho yanafika mbali, kona ni chache, na chombo kikija kinaonekana kwa vumbi lake kabla ya kusikika.

Kuna mambo mawili ya kuzingatia. Kwanza, shamba ni mali ya mtu au kampuni, hivyo kupita ofisini kuomba ruhusa ni adabu na ni usalama. Pili, jani la mkonge lina mwiba mgumu nchani. Jani lililoanguka njiani halina huruma na tairi. Pampu, viraka na tyubu ya akiba si mapambo. Asiyebeba atasukuma baiskeli juani mpaka ampate fundi mwenye beseni la maji.

UPEPO NDIYE REFA

Upande wa pwani, safari inayopendwa ni ya kusini, kuelekea Pangani, kama kilomita 50. Karibu kilomita 20 kutoka mjini kuna Tongoni, penye magofu ya msikiti wa kale na makaburi ya Waswahili wa zamani. Mbele kuna Kigombe, kijiji cha wavuvi, ambako samaki wa kukaanga ndiye malipo ya nusu ya kwanza. Ukifika Pangani, kivuko kinakuvusha hadi Bweni, na kutoka hapo Kikogwe, mahali mkonge ulipoanzia, si mbali.

Anayeamua mchezo kwenye njia hii ni upepo. Msimu wa kusi, kuanzia mwezi wa nne hadi wa tisa hivi, mtu anayekwenda Pangani anakula upepo wa uso njia nzima, kisha anarudi Tanga akisukumwa mgongoni. Msimu wa kaskazi mambo yanageuka: kwenda ni mteremko wa bure, kurudi ndiko kuna kesi. Wageni wengi hudanganywa hapo. Anakwenda mbio hadi Pangani, anajiona bingwa, kisha anageuza usukani na kugundua kwamba kipindi cha kwanza alikuwa anachezewa na upepo.

Wazoefu hupanga mechi yao mapema. Wanaondoka saa 12 asubuhi kabla jua halijakaza, wanabeba maji zaidi ya wanavyodhani watahitaji, na masika ya mwezi wa tatu hadi wa tano wanaipisha, kwa sababu udongo ule mwekundu ukilowa unashika tairi kama gundi.

MLIMA WA AMANI

Aliyeshiba tambarare ana mlima wa kujipima. Barabara kuu ya kutoka Tanga kwenda Muheza ina mabasi na malori, hivyo wenye akili hupandisha baiskeli juu ya gari hadi Muheza, kisha wanaanza kukanyaga kuelekea Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani, Usambara Mashariki.

Kutoka Muheza njia inapita mashambani hadi Sigi, lilipo geti la hifadhi. Hapo bado limesimama jengo la stesheni la enzi za Wajerumani, mwisho wa reli ndogo iliyoshusha magogo kutoka mlimani. Reli iling'olewa zamani, stesheni ikabaki kupokea wageni. Baada ya Sigi mlima unaanza kazi yake: kona juu ya kona, msitu umefunga juu kama paa, mbega wanaruka matawini, na sauti inayosikika ni ya mnyororo na ya pumzi ya mwenyewe.

Amani yenyewe iko mita 900 hivi juu ya usawa wa bahari. Kuna bustani ya mimea iliyoanzishwa na Wajerumani mwaka 1902, na mbele yake mashamba ya chai ya upande wa Kwamkoro. Hifadhi, iliyotangazwa mwaka 1997, ina ukubwa wa hekta 8,380 na inasimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, TFS. Kiingilio kinalipwa getini. Kushuka nako kunataka heshima: kabla ya kuondoka Muheza, breki zote mbili zikaguliwe. Baiskeli ya mjini yenye breki moja inayolia haifai kuteremka Amani.

MAGOTI YA VETERANI

Kwa mtu wa soka, hoja kubwa iko kwenye goti. Kila mtaa una mtu aliyekuwa moto wa kuotea mbali kwenye ndondo, akapasuka goti au enka, leo anaangalia mechi tu huku tumbo likitangulia. Kukimbia kunamuuma kwa sababu kila hatua inapigisha uzito wote wa mwili kwenye kiungo kile kile. Juu ya baiskeli, sehemu kubwa ya uzito inabebwa na kiti. Miguu inafanya kazi, moyo unafanya kazi, goti linapumzika na kipigo.

Kosa la wengi ni kiti kilichoshushwa mno. Mtu anaendesha magoti yakigusa kifua, kisha analalamika baiskeli inaumiza. Kanyagio likiwa chini kabisa, mguu unatakiwa uwe umekaribia kunyooka. Fundi yeyote anarekebisha kwa spana moja. Mwenye maumivu ya siku nyingi amwone daktari kwanza.

LAMI INAKUJA

Uwanja huu hauna hati ya kuulinda, na pembeni yake mji unakua. Barabara ya lami ya kutoka Tanga kupitia Pangani na Saadani hadi Bagamoyo inafungua pwani yote. Bandari imepanuliwa. Bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, mwisho wake ni Chongoleani, hapo hapo Tanga. Hizo ni habari njema kwa mfuko wa mkoa, na hakuna mwenye akili timamu anayeomba lami isije. Mama mjamzito wa Pangani anaihitaji kuliko mpanda baiskeli anavyohitaji ukimya.

Lakini lami huja na mwendo. Pale lori lilipokuwa linajikongoja kwenye makorongo, sasa linapita kwa kasi. Mvuvi wa Kigombe aliyezoea katikati ya barabara na baiskeli yake ndiye wa kwanza kusukumwa pembeni, na pembeni kusipokuwa na nafasi, hana pa kwenda.

Wenzetu wameshajibu swali hilo. Uholanzi, katika Hifadhi ya Taifa ya Hoge Veluwe, nchi ya vichaka vifupi, mchanga na msitu, kuna zaidi ya kilomita 40 za njia za baiskeli na baiskeli nyeupe 1,800 ambazo mgeni anachukua bure akishaingia. Na si lazima kwenda Ulaya. Kigali tangu mwaka 2016 inafunga baadhi ya barabara kwa magari katika Jumapili maalumu ili watu wakimbie na kuendesha baiskeli. Septemba 2025 mji huohuo uliandaa mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, ya kwanza Afrika, na Tadej Pogačar akabeba taji la wanaume.

Tanga haina haja ya kuanza na Pogačar. Inahitaji halmashauri, wenye mashamba ya mkonge, TFS na Chama cha Baiskeli Tanzania, CHABATA, wakae meza moja wakubaliane njia zipi zibaki za baiskeli, vibao viwekwe wapi, na barabara mpya ziachiwe pembeni upana wa kutosha. Gharama yake ni ndogo ukilinganisha na kujenga jukwaa moja la uwanja, kwa sababu njia zipo na waendeshaji wapo tangu enzi za babu.

Ligi ikisimama, Mkwakwani inafungwa na mashabiki wanabaki na kahawa na ubishi. Njia ya mkonge haifungwi. Ikipotea, hakuna msimu ujao wa kupanda daraja na kuirudisha.