Zak Yacoob: Jaji Asiyeona Aliyewaona Wasio na Paa

Katika miji yetu ya Pwani zingalipo nyumba ambamo mtoto asiyeona hafiki shuleni. Wenzake waendapo chuoni na skuli, yeye hubakia barazani na bibi yake. Wageni wajapo, huingizwa ndani. Aghalabu huo si ukatili bali ni mapenzi yaliyochanganyika na hofu, kwani mama hujiuliza: akitoka, nani atamshika mkono? Kisa cha Zak Yacoob wa Afrika Kusini chafaa kusomwa na mama huyo.

Yacoob alizaliwa Durban mwaka 1948, mwaka uleule ambao makaburu wa chama cha National walishika serikali na kuanza kuijenga sera ya ubaguzi wa rangi. Jamaa zake walikuwa Waislamu wenye asili ya Kihindi. Alipotimiza miezi 16 aliugua homa ya uti wa mgongo. Alipopona, alikuwa haoni tena. Hivyo alikua na mizigo miwili: maradhi yalimnyima macho, na sheria za nchi yake zilimhesabu kuwa mtu wa daraja ya chini kwa sababu ya rangi yake.

Wazazi wake hawakumficha. Mwaka 1956, akiwa na umri wa miaka 8, alitiwa katika shule ya wasioona ya Arthur Blaxall, akasoma hapo miaka 10. Baadaye alijiunga na chuo kikuu kilichotengwa kwa ajili ya Wahindi mjini Durban, akapata shahada ya kwanza mwaka 1969 na ya sheria mwaka 1972. Alisoma kwa vidole maandishi ya breli, na yale yasiyokuwa katika breli alisomewa na wenziwe, akayahifadhi kichwani.

Mwaka 1973 alianza kazi ya uwakili. Katika zama hizo mtu aliweza kutiwa kizuizini bila ya kushitakiwa, na familia kuhamishwa mtaa kwa sababu ya rangi. Yacoob aliwatetea walioshitakiwa kwa sheria hizo. Mwaka 1984, viongozi sita waliokuwa wakisakwa na polisi walipokimbilia katika ubalozi mdogo wa Uingereza mjini Durban, alikuwa miongoni mwa mawakili wao. Alishiriki pia katika kesi ya uhaini ya Delmas, iliyoanza mwaka 1985 ikiwa na washitakiwa 22. Nje ya mahakama alikuwa katika uongozi wa Natal Indian Congress, chama kilichopinga ubaguzi.

Ubaguzi ulipoanza kuporomoka, nchi ilimhitaji kwa kazi nyingine. Alikuwa katika tume iliyosimamia uchaguzi wa mwaka 1994, wa kwanza kwa watu wa rangi zote, kisha akawa miongoni mwa wataalamu walioshauri wakati katiba mpya ikiandikwa. Mwaka 1998 Rais Nelson Mandela alimteua kuwa jaji wa Mahakama ya Katiba, yenye majaji 11. Aliyekuwa akisimama mbele ya majaji kuwaombea watu haki, sasa akaketi kuitoa.

Mtihani mkubwa ulimfikia mwaka 2000. Huko Wallacedene, karibu na Cape Town, watu wazima 390 na watoto 510 walikuwa hawana pa kukaa. Walikuwa wamehama eneo la mabanda lililojaa maji kila mvua ikinyesha, wakajenga katika shamba la mtu. Mnamo Mei 1999, baridi ikianza, vibanda vyao vilibomolewa kwa matingatinga, vingine vikatiwa moto na vyombo vyao ndani. Wakaishia katika uwanja wa michezo, wamejifunika maturubai. Kesi yao ilibeba jina la mama mmoja miongoni mwao, Irene Grootboom.

Yacoob ndiye aliyeandika hukumu, na majaji wenziwe wote waliafiki. Hakusema kwamba kila mwenye shida apewe nyumba kesho yake, kwa kuwa katiba yenyewe ilisema haki ya makazi itatimizwa hatua kwa hatua, kwa kadiri ya uwezo wa dola. Alilosema ni hili: mpango wa serikali unaowasahau wale wasio na ardhi wala paa, wenye dhiki iliyopindukia, si mpango wa busara, na kwa hivyo umekiuka katiba. Hukumu hiyo hadi leo husomwa na wanasheria duniani kote.

Hata hivyo, tusikifanye kisa hiki kitamu kuliko kilivyo. Irene Grootboom alifariki mwaka 2008 akiwa angali anaishi katika kibanda. Mahakama ilimpa haki, lakini waliopaswa kuitekeleza walikawia mno. Yacoob naye alistaafu mwaka 2013, baada ya miaka 15 katika kiti hicho.

Sisi tuna la kujifunza hapa. Katiba yetu ya mwaka 2010, katika Ibara ya 43, inampa kila mtu haki ya makazi ya kutosha; na Ibara ya 54 inampa mwenye ulemavu haki ya kufika katika taasisi za elimu. Maskwota wa Pwani wanajua jinsi maneno ya katiba yanavyoweza kubakia karatasini iwapo hapana wa kuyafuatilia. Na Waislamu tunajua kwamba Abdullah bin Ummi Maktum, sahaba asiyeona, aliadhini Madina, na Surat Abasa iliteremka kwa sababu yake.

Wazee wetu walisema: mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Kwa mzazi mwenye mtoto asiyeona, haki ya kwanza ya mtoto huyo haingoji mahakama: ni kushikwa mkono na kupelekwa skuli.