Aina za VVU: kompyuta inazitambuaje, na wewe inakuhusu nini?

Huku Busisi wapo wanaouliza: "Nesi, virusi vyangu na vya mwenzangu ni aina moja?" Wengine wanataka kujua kama dawa tunazotoa zinafaa kwa aina iliyopo kwetu. Tuanze na aina zenyewe.

VVU vinavyoenea zaidi duniani vimegawanywa katika aina zinazoitwa kwa herufi: A, B, C, D na nyinginezo. Ulaya na Marekani imezoeleka B. Mwanza, kama kwingineko Tanzania, zinaonekana zaidi A, C na D, pamoja na chotara, yaani virusi vyenye vipande vya aina mbili au zaidi. Chotara huweza kutokea mtu mmoja anapoambukizwa aina mbili.

Kompyuta inatambuaje?

Kwa darubini huwezi kuzitofautisha. Tofauti iko kwenye vinasaba, ambavyo ni kama maandishi marefu ya herufi zipatazo 9,700, yaliyoandikwa kwa herufi nne tu zinazojirudia. Maabara husoma sehemu ya maandishi hayo kutoka kwenye damu. Kisha programu ya kompyuta huyapanga sambamba na mifano ya aina zinazojulikana, huhesabu tofauti, na kuchora mti wa ukoo. Kirusi huwekwa kwenye tawi la ndugu zake wa karibu.

Ili kumgundua chotara, programu hupima kipande kimoja kimoja. Kipande cha mwanzo kikifanana na A na kinachofuata kikifanana na D, huyo ni chotara. Kwa hiyo sehemu fupi ikisomwa peke yake, jibu linaweza kuwa "A" wakati sehemu isiyosomwa ni D.

Inakuhusu nini?

- Dawa. Utafiti uliofanyika Uganda ulionyesha kuwa bila dawa, aina D hudhoofisha kinga haraka kuliko A. Lakini kidonge chenye dolutegravir kinachotolewa kliniki kinafubaza aina zote hizi. Huhitaji kujua herufi yako ili uanze dawa.
- Usugu. Virusi visiposhuka ingawa unameza dawa vizuri, daktari anaweza kuagiza vinasaba visomwe. Hapo kinachotafutwa hasa ni mabadiliko yanayovifanya virusi vishinde dawa.
- Nani alimwambukiza nani? Aina haijibu swali hilo. Watu wengi wasiojuana kabisa wana aina A. Kuwa na aina moja si ushahidi wa kumshitaki mwenzako, wala wa kuvunja ndoa.
- Wote mna VVU? Kama virusi bado vinaonekana kwenye kipimo, mnaweza kuambukizana aina nyingine au virusi sugu. Tumieni kondomu.

Herufi ya virusi vyako waachie watu wa maabara. Namba ya kufuatilia wewe ni wingi wa virusi. Usipokee tu karatasi, uliza, "Majibu yangu ni ngapi?" Ukimeza dawa kila siku na virusi vikaendelea kutoonekana kwenye kipimo, humwambukizi mwenzako kwa ngono, iwe A, C, D au chotara.