JIRANI KABLA YA NYUMBA
Kuchagua mtaa wa kufikia katika Mji wa Meksiko

Waarabu wana msemo wa hekima usemao kwamba jirani hutazamwa kabla ya nyumba, na mwenza kabla ya safari. Wazee wetu waliushika msemo huu, na ndiyo sababu mtu wa pwani atakaye kununua nyumba haanzi kwa kupima kuta zake. Huanza kwa kuuliza ni nani wakaao ubavuni mwake, na msikiti uko umbali gani. Lakini msafiri wa zama zetu hizi aghalabu husahau. Hutazama picha ya kitanda na bei ya usiku mmoja, akalipa, na hata afikapo ndipo ajuapo alipojitia.

Tumeulizwa na jamaa yetu mmoja, aliyeazimu kwenda Mji wa Meksiko kwa muda wa wiki 3 pamoja na mkewe, mama yake aliye mtu mzima, na watoto wawili, kwamba afikie mtaa gani. Tumeliona swali hili ni la manufaa kwa nyumba nyingi, kwani safari za mbali leo si za mabaharia na wafanyi biashara peke yao. Basi twalijibu hapa kadiri ya uwezo wetu.

Kwanza yapasa kuujua mji wenyewe. Mji wa Meksiko umejengwa juu ya ziwa. Mwaka 1325 watu wa kabila la Mexica waliasisi mji wao, Tenochtitlan, juu ya kisiwa katikati ya maji. Mwaka 1521 Waspania wakauteka, wakaubomoa, wakajenga wa kwao juu ya mawe yale yale, na baadaye ziwa likakaushwa. Mji uko juu ya bahari kwa kiasi cha mita 2,240, nao umeipita Nairobi kwa zaidi ya mita 400. Mtu aliyezaliwa kando ya bahari atahema apandapo ngazi siku za mwanzo, na mzee atahema zaidi. Kwa hivyo nyumba ya ghorofa ya 4 isiyo na lifti, hata ikiwa nzuri namna gani, si nyumba ya kumfikishia mama.

Mitaa ya mji ule huitwa colonia, na ile ya kale huitwa barrio. Neno hili la barrio Waspania walilipata kwa Waarabu wa Andalusi, na shina lake ni lile lile lililotupa sisi neno bara. Sukari nao huiita azúcar. Basi Mwislamu afikapo huko asijione kuwa mgeni kabisa; lugha imekwisha mtangulia.

Sasa na tuitazame mitaa minne ambayo wageni huifikia mara kwa mara.

Wa kwanza ni Centro, moyo wa mji wa kale, wenye uwanja mkubwa uitwao Zócalo. Hapo pana kanisa kuu, pana jumba la serikali, na kando yake pana mabaki ya hekalu la Wamexica lililofichuliwa baada ya mafundi wa umeme kulikuta jiwe kubwa la kuchongwa mwaka 1978. Upande wa mashariki, katika mtaa wa La Merced, ndiko walikofanya biashara zao wahamiaji waliotoka Lebanon na Sham. Ukumbusho wao mmoja ungalipo hata leo: saa ya mnara waliyoizawadia nchi wenyeji wa dola ya Uthmaniya mwaka 1910, Meksiko ilipoadhimisha miaka 100 tangu kuanza kupigania uhuru, nayo ina nambari za Kiarabu usoni mwake. Centro ni pahali pa kutazamwa mchana. Ama usiku, maduka yakifungwa, baadhi ya njia huwa tupu, na kaskazini yake uko mtaa wa Tepito, ambao wenyeji wenyewe huwaonya wageni wasitembee humo ovyo. Kijana mmoja atastahimili. Mtu mwenye watoto na mzee, twaona ni taabu.

Wa pili ni Roma na pacha wake Condesa. Ni mitaa ya miti mingi, bustani na mikahawa, na ndiyo wageni waisifuyo kuliko yote. Lakini mtazamaji atazame mambo mawili. La kwanza ni ardhi. Mitaa hii imekaa juu ya udongo laini wa lile ziwa la kale, na udongo wa namna hiyo hulizidisha tetemeko kama uji utikiswapo bakulini. Tarehe 19 Septemba 1985 tetemeko kubwa liliua maelfu ya watu mjini, na tarehe hiyo hiyo ya mwaka 2017 likaja jingine likaua zaidi ya 200 humo mjini. Na mara zote mbili Roma na Condesa ni katika mitaa iliyoumia sana. La pili ni starehe za usiku: mikahawa mingi huuza ulevi, na makelele yake hufika dirishani. Mwenye kuamka kusali Alfajiri ataijua tofauti.

Wa tatu ni Coyoacán, kusini, kiasi cha kilomita 10 kutoka Zócalo. Hapo zamani palikuwa mji wa peke yake, na hata leo una viwanja vya kivuli, njia za mawe na soko la matunda. Jirani yake ni Pedregal, ambako ardhi ni miamba iliyomwagwa na volkano, nayo ni imara kuliko tope la ziwa. Jioni familia hutoka na watoto wao wakabarizi bustanini, kama tufanyavyo sisi. Ila yake ni umbali: aendaye kusali Ijumaa atatumia sehemu kubwa ya asubuhi njiani.

Wa nne ni Anzures, ulioshikana na Polanco, mtaa wa matajiri. Njia za Anzures zimepewa majina ya wataalamu, kama Kepler na Darwin. Na katika njia ya Euclides, ambaye wanavyuoni wa Baghdad walimwita Uqlidis na kukifasiri kitabu chake cha hesabu kwa Kiarabu, ndiko iliko nyumba ya Jumuiya ya Waislamu inayosaliwa Ijumaa. Si msikiti wenye mnara. Ni nyumba kama nyumba nyingine, na apitaye asiyejua hupita. Lakini ndani yake watu wa mataifa mbalimbali husimama safu moja, na miongoni mwao wamo Wameksiko waliosilimu. Karibu yake iko bustani kubwa ya Chapultepec, iliyokuwa ukingoni mwa ziwa, na humo limo jumba la makumbusho lililofunguliwa mwaka 1964, ambalo watoto wataliona darasa.

Jamaa yetu atakaa wiki 3. Kwa madhehebu ya Imam Shafii, mwenye kunuia kukaa siku 4 kamili, bila ya kuhesabu siku ya kuingia na siku ya kutoka, huondokewa na ruhusa ya kupunguza sala. Basi huyu atakuwa na Ijumaa 3 mbele yake, na watoto wanaotazama baba yao anaanzaje siku hiyo. Kwa hivyo sisi twampendelea Anzures, kwa sharti asivutwe na fahari ya Polanco akavunja mfuko wake. Na akishindwa na bei, Coyoacán, akipanga mapema safari ya Ijumaa. Popote afikapo, ajue kwamba kibla huko si kaskazini kama tulivyozoea sisi wa pwani. Ni baina ya kaskazini na mashariki.

Ama chakula, lazima tahadhari katika kila mtaa. Kiko chakula mashuhuri kiitwacho tacos al pastor, nyama inayozungushwa kwenye kijiti mbele ya moto. Mwislamu akiiona hudhani ni shawarma, na hakukosea kwa asili yake, kwani wahamiaji wa Lebanon ndio walioleta ufundi huo. Lakini huko nyama yake ni ya nguruwe. Maharagwe nayo mara nyingi hukaangwa kwa mafuta yake. Mama wa nyumba na ayahifadhi maneno matatu: puerco na cerdo, yaani nguruwe, na manteca, yaani mafuta yake, kisha aulize kabla ya kununua. Nyumba yenye jiko, karibu na soko la samaki, mboga na matunda, itampunguzia mashaka mengi. Hii nayo ni sababu ya kuuchungua mtaa.

Limebaki jambo moja ambalo waandishi wa safari hulisahau, na kwetu ndilo kubwa. Tumesema jirani kabla ya nyumba. Lakini mgeni naye ni jirani wa mtu. Katika miaka ya karibuni wageni wengi wameingia Roma na Condesa, wenye nyumba wakaona faida kukodisha kwa usiku mmoja mmoja kuliko kwa mwaka, kodi zikapanda, na wapangaji wa siku nyingi wakalazimika kuhama. Mwaka 2024 mji ulitunga sheria ya kuzuia nyumba za namna hiyo zisikodishwe zaidi ya nusu ya masiku ya mwaka, na mwezi wa Julai 2025 watu waliandamana katika mitaa hiyo kwa uchungu wa jambo hili.

Mwenyezi Mungu katika Surat Nisaa, aya ya 36, ameamuru wema kwa jirani wa karibu, kwa jirani wa mbali, na kwa msafiri, wote katika aya moja. Naye Mtume wetu (S.A.W.) alieleza kuwa Jibrili hakuacha kumuusia juu ya jirani hata akadhani atamrithisha. Na Abdallah bin Amr, alipochinja mbuzi, aliuliza kama jirani yake Myahudi amekwisha pelekewa. Basi twawezaje sisi kufurahia chumba ambacho mama mwingine na watoto wake wametolewa ili tuingie?

Kwa hivyo twamnasihi jamaa yetu atafute nyumba ya wageni hasa, au chumba katika nyumba ambayo mwenyewe anaishi humo. Huyo ndiye atakayemwonyesha mlango wa kutokea king'ora cha tetemeko kikilia, na njia isiyofaa kupitwa usiku. Afikapo, awasalimu walio mlango wa pili, azuie makelele ya watoto, na siku ya kuondoka asiache ila shukrani. Huenda jirani yule hakupata kumwona Mwislamu maishani mwake, na dini yetu ataijua kwa alichokiona ngazini.

Twamwomba Mola amsafirishe salama, amfikishe kwa majirani wema, na amjaalie naye kuwa jirani mwema. Wabillahi tawfiq.