Fahamu: Jinsi ya kuunganisha kurasa za Excel kuwa waraka mmoja
Ukihifadhi kitabu cha Excel chenye laha kadhaa kama ukurasa wa wavuti, unapata faili kuu na folda yenye sheet001.htm, sheet002.htm na kuendelea. Kuzinakili moja moja kila mwisho wa mwezi ni kupoteza muda bure. Skripti fupi ya Python huchukua jedwali la kila ukurasa na kuyapanga yote kwenye faili moja.

Ugumu uko kwenye mitindo, hasa ukiunganisha kurasa za vitabu tofauti. Excel huzipa seli majina kama xl65, na jina hilohilo katika kitabu kingine laweza kubeba rangi tofauti kabisa. Usipoyabadilisha kwanza, hasara iliyoandikwa kwa wino mwekundu yaweza kutokea nyeusi, na bosi asiione.

Usifute faili za awali kabla ya kulinganisha jumla za kila jedwali.