Robert na Margaret Laws: Mume na Mke wa Livingstonia

Robert Laws na mkewe Margaret walikuwa wamisionari Waskoti walioitumikia nchi ya kandokando ya Ziwa Nyasa, ambayo leo inaitwa Malawi, kwa sehemu kubwa ya maisha yao. Mume alikuwa mchungaji na daktari, mke alikuwa mwalimu. Shule waliyoijenga juu ya uwanda wa Khondowe iliitwa rasmi Taasisi ya Overtoun, ila watu waliizoea kwa jina la Livingstonia. Humo walitoka makarani, mafundi, walimu na wachungaji waliotawanyika kuanzia kusini mwa Tanganyika hadi migodi ya Afrika Kusini. Walitoka pia watu walioupinga ukoloni waziwazi, na baadhi yao walianza kwa kuwapinga walimu wao wenyewe.

Robert alizaliwa Aberdeen mwaka 1851. Baba yake alikuwa seremala wa samani, na yeye mwenyewe aliingia karakana akiwa bado kijana, akifanya kazi mchana na kusoma usiku, mpaka akamaliza theolojia na udaktari. David Livingstone alipofariki mwaka 1873, makanisa ya Scotland yaliamua kuanzisha misheni ya kumkumbuka katika nchi ya ziwa alilolitangaza Ulaya. Kundi la kwanza, Laws akiwamo, liliingia Ziwa Nyasa Oktoba 1875, likiongozwa na E. D. Young, aliyetoka jeshi la majini. Chombo chao kilikuwa Ilala, meli ndogo ya mvuke. Maporomoko ya mto Shire hayapitiki kwa meli, kwa hiyo Ilala ilifunguliwa vipandevipande, mamia ya wapagazi wakaibeba vichwani na mabegani hadi juu ya maporomoko, ikaungwa upya na kuelea tena. Vitabu vya misheni vinawataja mabaharia kwa majina. Wapagazi wametajwa kwa idadi tu.

Kituo cha kwanza kilikuwa Cape Maclear, kusini mwa ziwa, mahali pa kupendeza kwa macho na pabaya kwa afya. Mbung'o waliua mifugo na malaria ikaua watu. Daktari William Black alifariki mwaka 1877. Mwaka huohuo alifariki Shadrach Mngunana, mwalimu wa kabila la Waxhosa aliyekuwa akifundisha katika shule ya kituo hicho. Mngunana alikuwa mmoja wa Waxhosa wanne waliojitolea kutoka shule ya Lovedale, Afrika Kusini, na kufika ziwani mwaka 1876. Kwa hiyo elimu ya Livingstonia haikuletwa na Wazungu peke yao: miongoni mwa walimu wake wa mwanzo walikuwamo Waafrika waliosoma katika shule ya Kiskoti ya upande mwingine wa bara.

Margaret Troup Gray alikuwa mwalimu wa Aberdeen na mchumba wa Robert tangu kabla hajaondoka Scotland. Alisafiri kwa meli mpaka pwani ya Msumbiji, akapanda kwa njia ya mito ya Zambezi na Shire, na wawili hao wakafunga ndoa katika kituo cha misheni cha Blantyre mwezi Agosti 1879. Tangu hapo alikuwa mfanyakazi wa misheni kwa kila kitu isipokuwa kwenye daftari la mishahara. Desturi ya misheni za wakati ule ilimhesabu mume kuwa ndiye mmisionari. Ripoti zilitoka kwake na posho ilikuwa yake. Kazi ya mke ilichukuliwa kuwa sehemu ya ndoa. Hivyo mwanamke aliyefundisha darasani, akawasimamia wasichana, akapokea wageni na wagonjwa, na mumewe aliposafiri akabaki kuangalia kituo, huonekana katika maandishi kwa mstari mmoja mmoja tu.

Mahali ambapo mkono wake unaonekana wazi zaidi ni katika lugha. Wote wawili walijifunza Kinyanja na kushirikiana kutayarisha vitabu vya kusomea na tafsiri za Biblia. Kazi yenyewe ilikwenda polepole. Hapakuwa na kamusi ya kutegemea, na kila neno lilipaswa kuulizwa kwa wenyeji, likaandikwa, likajaribiwa mbele ya wasikilizaji wengine, kisha likasahihishwa upya. Agano Jipya la Kinyanja lilichapishwa mwaka 1886. Lugha hiyo ndiyo ambayo baadaye serikali ya Malawi huru iliiita Chichewa na kuifanya lugha ya taifa.

Mwaka 1881 misheni ilihamia Bandawe, kwenye ufuko wa magharibi, katika nchi ya Watonga. Mwaka huohuo alibatizwa Albert Namalambe, mwongofu wa kwanza, baada ya miaka sita ya mahubiri. Wafadhili wa Scotland walitarajia zaidi ya hapo, lakini Namalambe hakuwa mtu mdogo: wamisionari walipohama, yeye ndiye aliyeachiwa Cape Maclear, akaendesha shule na ibada kwa miaka mingi.

Bandawe ilikuwa mahali pa hofu. Milimani waliishi Wangoni wa chifu Mbelwa, jamaa wa Wangoni waliofika Songea, ambao walikuwa wakiwashambulia Watonga. Ziwani yalipita majahazi ya Jumbe wa Nkhotakota, mtawala mwenye asili ya pwani ya Waswahili, yakivusha watumwa na pembe kuelekea ng'ambo ya mashariki na hatimaye Kilwa. Watonga waliipokea misheni kwa sababu iliyo wazi kabisa: waliona ni ngao. Aliyefungua njia kwa Wangoni hakuwa Laws bali William Koyi, mmoja wa wale Waxhosa wa Lovedale. Lugha yake ilikaribiana na Kingoni, na alikaa kwao tangu mwanzoni mwa miaka ya 1880. Alifariki huko mwaka 1886, wakati ambapo Mbelwa ndiyo kwanza ameridhia shule zifunguliwe. Baada ya hapo Wangoni na Watonga walianza kukaa darasa moja, jambo ambalo miaka kumi nyuma lisingewezekana.

Robert na Margaret walipata mtoto mmoja tu, binti aitwaye Amelia, mwaka 1886. Kama watoto wengi wa wamisionari, ilibidi asomeshwe Scotland, mbali na malaria na mbali pia na wazazi wake. Gharama hiyo haikuandikwa katika hesabu za misheni.

Kufikia miaka ya 1890 shule za vijijini zilikuwa zikiongezeka haraka kuliko walimu. Laws aliona kwamba wamisionari kutoka Ulaya hawatatosha kamwe, na kwamba dawa ni chuo kimoja kikubwa cha kuwafundisha Waafrika wenyewe kuwa walimu, wachungaji, mafundi na wauguzi. Mfano alikuwa nao tayari, yaani Lovedale. Sifa zake katika mambo hayo zilivuka bara: alitumwa Calabar, Nigeria ya leo, kushauri kuhusu chuo cha ufundi, na chuo cha Hope Waddell kikafunguliwa huko mwaka 1895.

Mwaka 1894 Laws alipanda Khondowe, akiongozana na wenzake, miongoni mwao mwalimu Yuraia Chirwa, akapachagua. Uwanda huo uko mamia ya mita juu ya ziwa. Hewa yake ni baridi na mbu ni wachache. Karibu yake yako maporomoko ya Manchewe, ambayo wenyeji husimulia kuwa wazee wao walijificha katika mapango ya nyuma yake wakati wa wavamizi wa watumwa. Tatizo lilikuwa kufika. Barabara iliyochongwa kwenye genge kutoka ufukweni ina kona kali kama 20, na mpaka leo madereva huipanda kwa gia ya kwanza.

Huko juu ndiko seremala wa Aberdeen alipoonekana vizuri kuliko mchungaji. Matofali yalifyatuliwa na kuchomwa palepale, mawe yakachongwa, mabomba ya maji yakatandazwa, na mwaka 1905 taa za umeme zikawaka kwa nguvu ya maji ya Manchewe, wakati ambapo miji mingi ya Afrika ilikuwa bado inatumia kandili. Nyumba ya mawe walimoishi mume na mke ilijengwa mwaka 1903. Hospitali ya David Gordon ilifunguliwa mwaka 1911. Palikuwa na karakana za useremala na uashi, kiwanda cha uchapaji, mashamba, mafunzo ya ukarani na ya telegrafu. Siku iliendeshwa kwa kengele, na kila mwanafunzi, awe anasomea uchungaji au uashi, alifanya kazi za mikono. Kwa Laws hilo halikuwa adhabu wala njia ya kubana matumizi tu. Aliamini kwa dhati kwamba mtu asiyejua kutumia mikono yake hajaelimika.

Fedha nyingi za ujenzi zilitoka kwa Lord Overtoun, tajiri wa viwanda vya kemikali karibu na Glasgow, ndiyo maana taasisi ikapewa jina lake. Mwaka 1899 mwanasiasa wa wafanyakazi, Keir Hardie, alichapisha makala makali kuhusu hali ya vibarua wa kiwanda hicho: ujira mdogo, saa nyingi za kazi bila kupumzika hata Jumapili, na kemikali zilizokula pua za watu. Elimu ya kijana wa Kitumbuka ililipiwa, kwa sehemu, na jasho la kibarua wa Scotland ambaye hakupata hata siku ya kwenda kanisani. Jambo hilo halisomeki kwenye mabango ya kumbukumbu.

Katika taasisi masomo ya juu yalifundishwa kwa Kiingereza. Sababu ilikuwa ya kawaida tu, kwamba wanafunzi walitoka makabila mengi, lakini matokeo yake yalikuwa makubwa. Anayesoma Kiingereza husoma pia gazeti la walowezi, sheria ya kodi na hotuba za Bunge la London. Kijana aliyemaliza Livingstonia aliweza kupata kazi ya ukarani Salisbury au Johannesburg, na wengi walikwenda, maana nyumbani mishahara ilikuwa midogo na kodi ilikuwa inasubiri. Misheni ililalamika kwamba inafundisha watu kwa ajili ya migodi ya wengine.

Malalamiko yalikuwapo pia upande wa pili. Misheni ilipoanza kutoza ada, wengi walichukia. Elliot Kamwana, Mtonga aliyesoma hapo, aliondoka, na aliporudi kutoka Afrika Kusini mwaka 1908 alihubiri mafundisho ya dhehebu la Watch Tower na kubatiza maelfu ya watu waliochoka kusubiri miaka darasani ili wakubaliwe ubatizo. Charles Domingo, aliyelelewa na misheni tangu utotoni na kuwa mmoja wa wanafunzi wake bora, alijitenga na kuandika kwamba misheni, serikali na makampuni ni kitu kimoja. Sehemu kubwa ya uchungu huo ilikuwa na msingi. Laws aliwaamini Waafrika kufundisha na kutibu mapema sana, lakini kuwapa uchungaji kamili alichelewa: watatu wa kwanza, Yesaya Zerenji Mwase, Hezekiah Tweya na Jonathan Chirwa, waliwekewa mikono mwaka 1914, karibu miaka 40 baada ya Ilala kuingia ziwani. Mwase naye alikuja kujitenga na kuanzisha kanisa lake miaka ya 1930.

Wengine walipigana kwa njia nyingine. David Kaunda alitumwa kama mwalimu na mwinjilisti Chinsali, Zambia ya leo, na huko akazaliwa mwanawe Kenneth, rais wa kwanza wa nchi hiyo. Clements Kadalie alianzisha Cape Town mwaka 1919 chama cha wafanyakazi cha ICU, kilichokuja kuwa chama kikubwa cha Waafrika katika Afrika Kusini ya wakati huo. Levi Mumba, karani, alikuwa mmoja wa waanzilishi wa chama cha wenyeji wa kaskazini mwaka 1912, na mwaka 1944 akawa rais wa kwanza wa chama cha Nyasaland African Congress. Hastings Banda alipitia shule za misheni hiyohiyo huko Kasungu. Inasimuliwa kwamba alifukuzwa kwenye mtihani kwa sababu, akiwa mfupi, aliinuka ili aone ubao, akadhaniwa anaibia. Baada ya hapo alikwenda kwa miguu kutafuta elimu kusini.

Watanzania nao waliguswa na Livingstonia. Wamisionari Wajerumani walipoondolewa wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, Waskoti wa Livingstonia walisimamia makanisa na shule za Rungwe na jirani zake mpaka Wajerumani waliporuhusiwa kurudi katikati ya miaka ya 1920.

Margaret alifariki mwaka 1921, baada ya zaidi ya miaka 40 ya kazi. Robert alibaki peke yake katika nyumba ya mawe na mpango mmoja kichwani: kuigeuza taasisi kuwa chuo kikuu. Wamisionari vijana waliona ni ndoto ya mzee, na serikali na wafadhili walitaka elimu ya vijijini kuliko ya juu. Alistaafu mwaka 1927, akiwa na miaka 76, akafariki London mwaka 1934.

Kaskazini mwa Malawi kulibaki na shule nyingi na wasomi wengi kuliko ilivyotarajiwa kwa idadi ya watu wake, na hilo likazaa husuda. Mwaka 1989 Banda, akiwa rais, aliamuru walimu wa asili ya kaskazini waliokuwa wakifundisha mikoa mingine warudishwe kwao. Kanisa lililokua kutokana na misheni hiyo, likaungana na la Blantyre mwaka 1924 na kuitwa Kanisa la Presbiteri la Afrika ya Kati, limeendelea kuendesha shule na hospitali za Khondowe. Chuo Kikuu cha Livingstonia kilifunguliwa na sinodi ya kanisa hilo mwaka 2003, miaka 76 baada ya Robert Laws kushuka mlima kwa mara ya mwisho.