Simba wa Miaka Sita na Gunia la Mbaazi

Hapa Bonga, nje kidogo ya mji wa Babati kwenye barabara ya Kondoa, hakuna haja ya kumfundisha mtu maana ya kumtegemea mnunuzi mmoja aliye mbali. Agosti 2017 India iliweka ukomo wa mbaazi inazoingiza nchini mwake. Bei ikaporomoka, na magunia yakabaki yamepangwa sebuleni hadi wadudu wakayawahi. Nitarudi kwenye magunia hayo.

Mzee mmoja jirani yangu, Mgorowa mwenye shamba la mahindi kando ya Ziwa Babati, aliniuliza hivi karibuni: "Mwanangu, nikimpiga kiboko anayekula mahindi yangu, nafungwa. Mgeni akimpiga huko porini, anapigwa picha na kushikwa mkono. Nieleze wewe uliyesomea wanyama."

Jibu la kisheria ni fupi. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009 inaruhusu uwindaji wa kitalii katika vitalu vilivyotengwa, ndani ya mapori ya akiba, mapori tengefu na ardhi za jumuiya za hifadhi. Kila kitalu kina mgawo wake wa mwaka: nyati wangapi, chui wangapi, simba wangapi. Mteja hulipia leseni, hulipia siku alizokaa na hulipia kila mnyama aliyempiga. Anayemtaka simba hununua safari ya siku 21. Lakini mzee hakuwa anaulizia sheria. Alitaka kujua kama jambo lenyewe lina akili.

Lina akili pale linapohesabiwa vizuri, na mfano mzuri kuliko wote ni simba. Dume anapotwaa kundi la majike huwaua watoto wa dume aliyemtangulia, ili majike washike mimba upya. Watoto wake nao wanahitaji takriban miaka miwili ya ulinzi kabla hawajaweza kujitegemea. Ukimpiga dume wa miaka minne aliye katikati ya malezi, risasi imetoka moja lakini uzao mzima umekwenda naye, kwa sababu dume mgeni anayeingia atawamaliza waliobaki. Mwaka 2004 watafiti Karyl Whitman na Craig Packer, waliotumia takwimu za simba wa Serengeti, walionyesha kwamba wakiwindwa madume wenye miaka sita na kuendelea tu, idadi ya simba haiathiriki kwa kiasi cha kutia hofu. Wengi wa umri huo wameshalea. Tanzania baadaye ikaingiza umri huo katika kanuni zake.

Sasa utajuaje simba ana miaka mingapi akiwa hai? Unaangalia pua. Dume mdogo ana pua ya waridi. Kila mwaka hupata vidoa vyeusi, na akifika miaka mitano hivi nusu ya pua imeshakuwa nyeusi. Manyoya ya shingoni hayaaminiki, maana hutofautiana kutokana na joto la mahali na hata lishe. Basi mwindaji bingwa hutundika chambo mtini, labda paja la nyati, kisha hukaa mafichoni na darubini akiisoma pua. Mteja amebakiza siku mbili kati ya 21 alizolipia. Jua linazama, na kwenye mwanga hafifu kila pua ni nyeusi. Kanuni zote zilizoandikwa ofisini zinategemea dakika hiyo na uaminifu wa mtu huyo mmoja.

Uaminifu huo haukutosha kila mahali. Utafiti wa Packer na wenzake uliochapishwa 2011 ulionyesha kwamba idadi ya simba waliowindwa nchini ilishuka kwa takriban nusu kati ya 1996 na 2008, na anguko kubwa zaidi lilikuwa katika vitalu vilivyokuwa vimewindwa kwa pupa. Mwaka 2016 Henry Brink na wenzake walilitazama Pori la Akiba la Selous na kukuta tofauti ambayo mkulima yeyote wa Bonga angeitabiri: kampuni zilizoshikilia kitalu kwa miaka mingi ziliwinda kwa kiasi, na zile za muda mfupi zilikamua. Nani anatia samadi shamba la kukodi?

Kwa tembo hesabu inageuka. Watafiti wa Amboseli, Kenya, ambako Cynthia Moss alianza kazi mwaka 1972, wamethibitisha kwamba dume la tembo huzalisha zaidi likiwa na miaka 40 hadi 50. Yule mwenye pembe ndefu kuliko wote, ambaye mteja atamlipia zaidi, ndiye hasa baba wa kundi. Ndiyo maana kulitokea kelele kubwa baada ya madume yasiyopungua matano kupigwa kuanzia Septemba 2023 upande wetu wa mpaka, eneo la Enduimet. Kwa simba, mzee ni ziada; kwa tembo, mzee ni mtaji. Mgawo usioona tofauti hiyo ni namba tu.

Wapinzani wa uwindaji hupenda kutaja Kenya, iliyopiga marufuku mwaka 1977. Sidhani kama mfano huo unawasaidia: kati ya mwaka huo na 2016, wanyama wakubwa katika nyanda za mifugo za Kenya walipungua kwa asilimia 68, zaidi kwa sababu ya ongezeko la watu, mifugo na uzio. Watetezi nao wasichekelee. Selous sehemu yake kubwa ilikuwa vitalu vya uwindaji, na bado tembo wa Selous na Mikumi, waliozidi 100,000 miaka ya 1970, walibaki kama 13,000 katika sensa ya 2013. Majangili hawakuuliza pale palikuwa kitalu cha nani.

Kinachoamua ni ardhi. Jumuiya ya Burunge, hapa hapa wilayani Babati, iko kati ya hifadhi za taifa za Tarangire na Ziwa Manyara, karibu na lami. Mtalii wa kamera anafika kwa saa chache kutoka Arusha, na twiga mmoja anapigwa picha mara elfu bila kuisha. Pale sioni haja ya bunduki. Lakini nenda Makame, Kiteto: nyika kavu, mbung'o, na barabara za kukatisha tamaa. Mwenye kamera haendi. Mwindaji anakwenda, na fedha yake, pamoja na ile ya mradi wa hewa ukaa, ndiyo inayoshindana na trekta. Ukiiondoa leo bila kuweka kitu, kesho utakuta ufuta na mahindi.

Na hapo ndipo ninapokumbuka mbaazi. Mwaka 2014 Marekani ilisimamisha uingizaji wa nyara za tembo kutoka Tanzania, kisha Januari 2016 ikaanza kuwabana pia wanaoingiza za simba. Wateja wengi ni Wamarekani. Kampuni kadhaa zikarudisha vitalu serikalini, na kitalu kilichorudishwa mara nyingi hakina gari la doria. Uhifadhi uliowekwa juu ya mteja wa namna hiyo unaweza kuanguka kwa barua moja iliyosainiwa Washington, kama bei yetu ilivyoangukia Delhi. Makame wamefanya busara kuwa na zao la pili.

Mzee alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza kama huyo mgeni anayelipia kiboko analipia pia mahindi ambayo kiboko ameshakula. Nikamwambia hapana, kwa hayo kuna kifuta jasho cha serikali: aanzie kwa mtendaji, shamba likapimwe, asubiri. Akauliza kusubiri muda gani. Nilipokawia kujibu akachukua tochi na debe lake la kugonga, akasimamisha bodaboda, akaenda kulala shambani.